Farasi Tuliyemnunua Biharwe

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda
Jumapili, baada ya misa

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Mariette,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Eugénie. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kigoma, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa mvua kimekuachia. Sisi huku tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Maharage tumeshavuna, mahindi yameanza kubeba, na malaria msimu huu imepita mlangoni kwetu bila kuingia. Mafuta ya mawese uliyotuma yalifika yote, dumu halikuvuja hata tone. Nilipika sombe ya majani ya muhogo nikayatia, Papa akala sahani mbili. Kama kawaida yake hakuuliza yametoka wapi, na mimi kama kawaida yangu sikusema, lakini aliifuta sahani kwa ugali mpaka ikang'aa.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Anayekuletea ni Mihigo, mchuuzi wa vitenge wa hapa Juru, ambaye hupanda basi kuja huko kila baada ya miezi miwili. Haya ninayotaka kukuambia nikiyasema kwenye simu, ama nitalia, ama wewe utakata. Kwa hiyo keti, Yaya, uisome polepole, na tafadhali usiruke kwenda mwisho.

Habari ya kwanza hutaiamini: tumenunua farasi.

Najua unacheka. Hapa pia walicheka. Watu wa Juru wanatembea kwa miguu au kwa baiskeli, na mwenye haraka anapanda pikipiki. Lakini unakumbuka nilikuambia Papa alianguka akiezeka jiko, miaka miwili iliyopita. Mfupa uliunga, ila mgongo haukurudi kuwa mgongo. Pikipiki hawezi kabisa, kila shimo linamwingia hadi kwenye meno. Mdogo wetu Emery alituma kiti cha magurudumu kutoka huko Ulaya, kizuri sana, lakini mvua ya kwanza tu kilizama kwenye tope hadi kwenye ekseli, tukamtoa Papa kwa kumbeba kama gunia. Tangu siku hiyo alikataa kutoka. Kanisani hakwenda tena. Rafiki yake mmoja alikufa kule ng'ambo ya bonde, Papa akashindwa kwenda kumzika. Alikaa mbele ya mlango kuanzia asubuhi hadi jioni, anaangalia njia.

Ndipo siku moja, ninapepeta maharage, akaniambia kwamba kuna kitu kimoja tu duniani kinachoweza kumbeba bila kumuumiza, nacho ni farasi wa ambule.

Yaya, neno hilo sikuwa nimelisikia tangu tuko watoto. Nilisimama na ungo mkononi. Nikaona pilantasiyo yote, lile shamba kubwa la miti ya kinini, pale mlimani juu ya Katana, kwetu Kivu, ukungu wa asubuhi, maganda ya miti yameanikwa, na Papa katika buti za Mzungu mwenye shamba zilizomzidi, anamsugua farasi jike Colombe kwa majani makavu. Unakumbuka jinsi yule Mzungu, siku anaondoka kwa mara ya mwisho, alivyomkabidhi Papa kamba ya yule jike mbele ya wafanyakazi wote, na Papa akaanza kumpangusa farasi masikio? Papa ndiye aliyetufundisha kwamba farasi wengi wakiongeza mwendo wanakurusha juu na chini kama mahindi kwenye ungo, lakini wachache wanazaliwa na mwendo mwingine, kila mguu unashuka peke yake kwa zamu, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, na mgongo unabaki umetulia. Mzungu aliuita amble, Papa akaugeuza ambule. Na kwa mgongo huo Mama alishuka mlimani usiku ule uchungu wa Emery ulipomshika, hadi maternité kujifungulia, wewe ukiwa mbele na taa. Mama hadi anakufa alikuwa akisimulia kwamba alisinzia njiani. Mwanamke mwenye uchungu, anasinzia juu ya farasi!

Basi nilimpigia Emery. Nilidhani atasema baba amezeeka, ananena ovyo. Lakini akasema yeye ndiye wa mwisho anayeweza kukataa, maana bila farasi angezaliwa porini. Alichangia sehemu kubwa, nami nikaongeza maharage ya misimu miwili.

Kutafuta ndiko kulikuwa kazi. Kwanza walituelekeza Endiinzi, kwa wafugaji, kwa bwana mmoja mwenye farasi mweupe. Tulimkodia Papa gari dogo, tukaweka magodoro mawili nyuma. Tulipofika tukakuta farasi amevalishwa utepe mwekundu na maua ya plastiki, kumbe kazi yake ni kubeba mabwana harusi. Mwenyewe aliapa kwamba ana mwendo wa kuteleza, hujawahi kuona. Mtumishi wake alipompanda na kumchapa kidogo, maua yote yalidondoka kabla hajafika kwenye zizi la ng'ombe. Papa hakutoka hata garini. Alisema kwa upole, "Huyu anatembea sawa mutu anatwanga sombe." Tukarudi nyumbani, na njia nzima alikuwa akicheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Mama azikwe.

Mwezi uliofuata tulisikia habari za Biharwe, pale kwenye barabara kuu inayotoka Mbarara kwenda Masaka. Kulikuwa na familia ya Waislamu, mama mjane aitwaye Hajati Kaudha na mwanawe Nasur. Marehemu mumewe, Dauda, alikuwa mtunza farasi wa watalii kwa miaka mingi, na wenye farasi walipofunga kazi walimlipa haki yake kwa kumwachia farasi watatu. Alipofariki, mmoja aliuzwa Kampala, wakabaki wawili.

Nasur alitupokea vizuri. Ni kijana wa biashara, mwenye maneno mengi. Alimleta dume la kahawia linalong'aa, akasema, "Mzee, hii farasi iko mzuri sana, ssebo. Hii ni ya mwendo laini, hata mtoto analala juu yake." Papa aliomba apewe benchi, akaketi kivulini, kisha akafumba macho. Nasur alidhani mzee anaumwa. Nikamwambia apande tu, aende na kurudi. Papa hakutazama hata mara moja. Alisikiliza kwato. Nasur aliporudi anahema, Papa akamwambia kwamba ni farasi mzuri, mwenye nguvu, lakini miguu yake inaanguka miwili miwili, na yeye anatafuta inayoanguka mmoja mmoja. Nasur alianza kubishana, akasema hayo ni mambo ya zamani.

Hapo ndipo Hajati Kaudha alipotoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye macho makali. Alimuuliza Papa amejifunzia wapi kusikiliza farasi. Papa akamwambia. Wakazungumza, Yaya, mmoja na Kiswahili chake cha Mbarara, mwingine na chake cha Kivu, mambo ya kwato, mambo ya kupe, mambo ya farasi anayekula akikuangalia, hadi chai ikapoa. Mimi na Nasur tukawa kama hatupo. Kisha mama akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anamwongoza jike mwekundu, si mkubwa, ana doa jeupe puani. Nasur akaruka akasema huyo hauzwi, ni farasi wa Baba. Mama yake akamwambia anyamaze na apande.

Papa akafumba macho tena. Jike akaenda hadi kwenye migomba na kurudi. Sikuhitaji kuwa Papa ili nisikie. Ta-ka-ta-ka, ta-ka-ta-ka, bila kukatika, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Nilimwangalia Papa usoni. Machozi yalikuwa yanatoka chini ya kope zilizofungwa, na hakuyafuta.

Hajati alimuuliza farasi atampeleka wapi. Papa akajibu kwamba kanisani, hospitali, na kwa marafiki wachache waliobaki hai. Mama akamuuliza kama farasi atabebeshwa mizigo. Papa akasema, "Mama, ni miye njo muzigo." Hapo mama alicheka kidogo, akataja bei ambayo Nasur aliisikia akashika kichwa, kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. Sharti lake lilikuwa moja, tusimbadilishe jina. Anaitwa Siti. Nilipomshika kamba, Hajati aliweka kiganja kwenye lile doa jeupe, akakaa hivyo muda, halafu akaingia ndani haraka. Hakutoka kutuaga.

Daktari wa mifugo alituandikia karatasi ya safari, tukampandisha Siti kwenye lori la ng'ombe. Mvua ilikuwa imekata njia kabla ya Juru, lori likashindwa, tukashushwa hapo. Binamu zake Nasur waliotusindikiza kutoka Biharwe walimwinua Papa, taratibu, wakamweka juu ya tandiko. Nilifunga macho nikingoja apige kelele za maumivu. Nilipofungua, alikuwa ameshika hatamu kwa mkono mmoja, mgongo umenyooka, kofia imekaa sawa. Akaniambia nitangulie.

Laiti ungeona, Yaya. Watu walitoka majumbani na vijiko mikononi. Mafundi baiskeli waliacha kazi. Bibi mmoja Mrundi alipiga vigelegele kana kwamba harusi inapita. Na Papa, aliyekuwa amekaa mlangoni miaka miwili, alipita kati ya mashamba ya maharage akiwaamkia kwa majina, tope likiruka chini na yeye juu hatikisiki. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani. Siku ya nne baada ya hapo alikwenda kwenye kaburi la rafiki yake ng'ambo ya bonde, akakaa huko asubuhi nzima.

Sasa naja kwenye kile kilichonifanya nichukue kalamu.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunatoka kwenye maji, Papa ameshuka kupumzika, mimi nimeshika kamba. Akaniambia, "Panda na wewe. Haujapandaka farasi hata siku moja. Zamani nilikukatalia, nikasema miguu yako mifupi. Panda sasa." Alisema kwa furaha, kama mtu anayelipa deni dogo. Nikakataa. Akarudia. Nikakataa tena, nikaivuta kamba hadi Siti akainua kichwa. Papa akaniuliza naogopa nini. Yaya, nilikaa chini, palepale kwenye majani, nikamwambia.

Nilishawahi kupanda farasi. Mara moja.

Unakumbuka mwaka ule wa vita, watu wenye silaha walipoanza kupita wakichukua mbuzi, ng'ombe, na chochote chenye miguu. Papa alimficha Colombe kwenye lile korongo nyuma ya banda bovu la kukaushia kinini, akakuambia wewe peke yako, kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa ukimpelekea majani. Aliamini hakuna mtu wa tatu anayejua. Lakini mimi nilikuwa nimekufuata siku moja, nimejificha nyuma ya miti. Nilikuwa nakuonea wivu, Yaya. Wewe ulipanda tangu una miaka kumi, ulikuwa unarudi na nywele zimetimka na uso unang'aa, na mimi kila siku naambiwa miguu mifupi.

Walipokuja, Mama yuko shambani na Emery mgongoni, wewe umekwenda kisimani. Mmoja wao, kijana tu, alichuchumaa mbele yangu, akaniuliza kama ni kweli nyumba hii ina farasi. Sitasema alinitisha, maana hakunitisha. Hakunipiga, hakuninyooshea bunduki. Aliniambia nikimwonyesha, ataniweka juu. Basi. Nilimshika mkono, nikampeleka.

Na alitimiza neno lake. Aliniweka juu ya Colombe bila tandiko, nikashika manyoya ya shingo, akatuongoza kutoka korongoni hadi barabara kubwa. Mwendo ule ule. Nilikuwa naona mlima wote na ziwa chini. Yaya, lililonila miaka yote hii si kuonyesha tu. Ni kwamba nilifurahi. Hadi leo sijapata furaha nyingine kama ile, hata siku ya ndoa yangu. Barabarani alinishusha, akanipa biskuti, wakaondoka na Colombe. Ni hapo tu nilipoelewa, na nilikula ile biskuti yote kabla ya kurudi nyumbani, isionekane.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu yalipita kwenye ngozi yako. Papa aliona wewe ndiwe uliyejua mahali, na watu walikuwa wameshakuona ukisalimiana na yule mtoto wa mwalimu aliyejiunga nao. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango alipokuchapa kwa mkanda wa hatamu. Nilikusikia ukisema si mimi, si mimi. Nilimsikia akikuambia usikanyage tena kwake. Ulichukua nguo zako kwenye mfuko wa nailoni, ukaenda kwa Shangazi, na wiki haikuisha vita vikatutawanya, ninyi upande wa ziwa, sisi upande huu. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile, na kesho yake, na miaka yote tuliyolala kwenye hema, na siku Mama alipokuwa anakata roho akilitaja jina lako. Sikusema. Nilikuwa nakupigia simu, nakuita Yaya mpenzi, napokea mafuta yako, na sikusema.

Papa alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikemea. Alimsogeza Siti kwenye jiwe, akapanda mwenyewe kwa tabu kubwa, akaondoka bila mimi kushika kamba, mara ya kwanza. Siku mbili alishinda na Siti. Alimpangusa farasi, akala kidogo, akalala.

Siku ya tatu aliniita. Akauliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema kumi na moja. Akauliza, na Mariette? Nikasema kumi na saba. Akatazama viganja vyake. "Alikuwa anasema hapana, hapana. Sikumusikia." Kisha akaniangalia mimi. "Wewe siku ile ulikuwa mutoto. Lakini nyuma ya pale ulikomaa, ukanyamaza. Ile siwezi kukuambia ni ya mutoto." Ni kweli, na hayo ndiyo ninayoamka nayo.

Baadaye aliagiza nilete karatasi. Mkono wake siku hizi hauwezi kalamu, unatetemeka sana, kwa hiyo nimeandika mimi, lakini maneno haya ni yake, sikuongeza wala kupunguza: "Mariette, mutoto wangu wa kwanza. Nilikupiga bure. Nilikufukuza bure. Watu walikuwa wanapita na bunduki, nilishindwa kubapiga bale, nikakupiga weye. Sikuombi urudi, una fasi yako. Nakuomba tu ujue kama mi najua."

Alinifanya nimsomee mara tatu. Kisha akaweka kidole gumba kwenye wino, akagonga hapa pembeni. Hilo doa la buluu si uchafu, ni yeye.

Kwa upande wangu, Yaya, sikuombi unisamehe kwa haraka ili nilale vizuri. Ukitaka kunyamaza, nyamaza muda unaoutaka. Ukitaka kunitukana, Mihigo atakaa hapo siku tano, mpe tusi aniletee. Kama mafuta hayatakuja tena, nitaelewa. Ninachotaka ni usiendelee kubeba jina la msaliti ambalo ni langu. Mueleze na shemeji, na watoto wakiwa wakubwa waelezwe pia. Emery nimeshamwambia.

Nisalimie shemeji kwa heshima zote. Wasalimie majirani zako wa sokoni ambao nawajua kwa sauti tu, hasa yule anayecheka nyuma yako kila ninapopiga simu. Wa kanisani hapa wanakusalimu, na shamba pia linakusalimu, maana mbegu ya maharage tuliyopanda safari hii ni ile uliyotutumia. Mungu akulinde.

Nilikuwa nafunga bahasha Papa akanisimamisha. Anauliza watoto wako wanaitwa nani. Anayajua majina mawili tu, aliyoyasikia nikiwa kwenye simu, na ameniambia anaamini wako wanne. Uyaandike yote, pamoja na miaka yao, kwenye karatasi peke yake. Andika kwa herufi kubwa, Yaya, na kwa kalamu nyeusi, kwa sababu macho yake yamepungua, na amekataa nimsomee.

Ni mimi mdogo wako,
Eugénie